Matone ya Manganizi

Jengo la mafundi simu lilifurika watu siku hiyo, kila mmoja akisukuma kioo chake kilichopasuka mbele ya pua ya mwenzake. Fundi alikuwa ameinamia taa yake ndogo ya urujuani, anakausha gundi ya kioo, aliposikia sauti.

"Kaka, hiyo taa unaiuza?"

Akainua macho. Gauni la kijani, raba nyeupe, na juu ya kichwa miwani mikubwa ya plastiki.

"Siuzi, dada. Lakini niambie kwanza, umetoka kuogelea bwawa gani?"

Msichana alijigusa kichwani, akaangua kicheko. "Natoka maabara, nimesahau kuivua! Taa yetu imeungua, na nataka kuona hiki." Akatoa kichupa cha maji yasiyo na rangi, akakisogeza chini ya taa. Kikawaka rangi ya chungwa, kama kaa lililopulizwa. Hata waliokuwa wakigombea zamu walisogea kutazama.

"Umetia uchawi gani humo?"

"Ni punje za nusu-kipitishi, kitu kinachopitisha umeme nusu nusu, ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Zenyewe hutoa mwanga wa buluu. Nikizitia madini ya manganizi kidogo wakati zinaumbika, zinabadilika hivi."

"Basi ichukue taa, Profesa. Ila nitakuja kuidai kila siku."

Fundi akaenda kweli maabara, na taa hakuidai. Penzi likakolea. Simu za asubuhi, simu za mchana: "Umekula, mpenzi?" "Nimekula, roho yangu, ila bila wewe chakula hakina chumvi." Mama yake Fundi alishaanza kumwita msichana yule mkwe wangu.

Ikafika siku ya kuandaa chupa ambayo kesho yake wageni wafadhili wangeikagua, ili wachague mwanafunzi mmoja wa kumsomesha zaidi. Manganizi ilipimwa na Kidoti, rafiki aliyegawana meza na Profesa na kushindania nafasi hiyo hiyo, naye akaondoka. Profesa akatoka kidogo kupokea simu. Fundi, aliyekuja kumtembelea, akabaki peke yake na chupa iliyokuwa ikichemka taratibu. Akaimulika kwa taa yake. Mwanga ulikuwa hafifu, maana punje zilikuwa bado changa, lakini yeye angejuaje? Sindano yenye maji ya manganizi yaliyobaki ilikuwa pale pale mezani. Kama kidogo kinaleta rangi, akawaza, kikiongezeka si utakuwa moto? Akadondosha matone, akatabasamu peke yake.

Mbele ya wageni chupa iliwaka kwa unyonge, kama mshumaa unaokata roho. Nafasi ikaenda kwa Kidoti.

Jioni Profesa alilia kifuani kwa Fundi. "Manganizi ilizidi! Atomu zikiwa chache, kila moja hupokea nishati na kuitoa kama mwanga. Zikisongamana, zinarushiana tu mpaka yote inapotelea kwenye joto. Kidoti anajua hilo. Na ndiye aliyepima!"

Fundi alimpapasa nywele. "Labda ni bahati mbaya," akasema.

"Bahati mbaya iliyompa nafasi yangu?"

Kesho yake Profesa alimshtaki rafiki yake kwa mkuu wa maabara. Kidoti akasimamishwa. Naye, macho yamevimba, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Fundi.

"Shemeji, wewe anakusikiliza. Mwambie sikuzidisha. Kweli ya Mungu, sikuzidisha."

Fundi akaweka bisibisi chini. Akapiga simu, Kidoti akiwa amesimama mbele yake.

"Roho yangu," Profesa akaitika, "mbona unahema?"

"Niliyeongeza manganizi ni mimi. Nilitaka iwake zaidi."



"Ungeniambia jioni ile," Profesa akasema, "ningekuita mjinga, ningekupiga na mto, tungeanza upya. Nililia kifuani pako, Fundi. Ulinisikia namtaja Kidoti, ukaendelea kunipapasa nywele."

"Niliogopa kukupoteza."

"Ukaona bora apotee yeye."

Profesa akafuta mashtaka mwenyewe, akamwomba Kidoti radhi mbele ya watu wote. Kidoti akasafiri kwenda masomoni. Profesa naye akaomba kuhamia maabara ya mji mwingine. Siku ya kuondoka, Fundi akampigia akiwa ameshavaa shati lake jipya.

"Uko stendi? Nakuja kukubebea mizigo."

"Usije."

"Leo tu, au siku zote?"

Nyuma ya sauti ya Profesa honi zilikuwa zikilia, na mtu akitangaza safari. "Nakupenda bado, hilo siwezi kukudanganya," akasema. "Lakini kila utakaponyamaza nitajiuliza unaficha nini. Na wewe utakuwa unaniogopa ndani ya nyumba yako mwenyewe. Tutaishije hivyo?"

"Nitajifunza kusema."

"Jifunze. Mwingine atafaidi." Honi ikalia karibu zaidi. "Gari linaondoka. Kata simu, mpenzi."

Neno hilo, mpenzi, lilishamtoka. Wote wawili walilisikia, na hakuna aliyelirudisha. Fundi alishika simu sikioni, akimsikiliza Profesa anavyopumua, mpaka mngurumo wa gari ulipofunika pumzi zake, ndipo Fundi mwenyewe akakata.