Mche wa Kona

Kila asubuhi Jepkorir alimwagilia miche ya kabichi kwa mkebe uliotobolewa. Leo, kabla hajafika katikati ya kitalu, lango lilifunguliwa kwa kishindo. Jogoo alikimbia. Kipkemei aliingia akihema.

"Niaje, boss?" Jepkorir alisema. "Umerudi tena?"

"Nimepungukiwa na mche mmoja."

"Mmoja! Umepanda mlima wote huu kwa mche mmoja?"

Kipkemei aliangalia viatu vyake. Jumatatu Jepkorir angeenda Naivasha, kufanya kazi kwenye shamba la maua. Kipkemei alikuwa na neno la kumwambia kabla hajaondoka. Lakini kila alipokuja, alinunua miche badala ya kulisema.

Nabalayo, mwalimu wa ngumbaru, masomo ya watu wazima, hapo Keringet, alikuwa akichagua miche ya sukuma wiki. "Ulipungukiwaje?" aliuliza.

"Shamba langu ni mraba, Mwalimu. Lilikuwa na safu kumi na mbili, kila safu miche kumi na miwili. Jana nikaongeza safu moja upande huu, na moja upande ule. Nilinunua miche ishirini na minne. Lakini kona moja imebaki tupu. Mama anasema shamba limeng'oka jino."

Jepkorir alicheka hadi mkebe ukamwagika.

Nabalayo alichukua kijiti, akachora mraba kwenye udongo. "Tuandike maneno yako kwa herufi. Idadi ya safu zako za kwanza tuiite n. Kila safu ina miche n. Yote ni n mara n. Tunaandika n²."

"Kwani kumi na mbili ina makosa gani?"

"Haina. Lakini kumi na mbili ni yako peke yako. n ni ya kila mtu mwenye shamba la mraba."

Kipkemei aliitikia kwa kichwa.

"Ukizidisha namba kwa namba hiyo hiyo, unapata mraba kamili," Nabalayo aliendelea. "12 mara 12 ni 144. Sasa, 'safu moja upande huu' ni n. 'Moja upande ule' ni n tena. Hizo ni 2n. Halafu?"

Jepkorir aliweka kokoto kwenye kona tupu. "Na moja."

"Umepata! n² + 2n + 1. Ni sawa na (n + 1)²."

Kipkemei alihesabu kwa vidole. "144, na 24, na 1. Ni 169. Kumi na tatu mara kumi na tatu!"

Alifurahi sana. Kisha uso ukamsawijika. Sasa hatakosea tena. Atakuja kitaluni kufanya nini?

Siku hiyo shamba lilipata jino lake. Jumamosi asubuhi Kipkemei alirudi mbio.

"Nataka kuongeza tena safu moja kila—"

"Ishirini na saba," Jepkorir alisema. Alimpa miche iliyofungwa kwa gazeti lililoloweshwa maji. "Kumi na tatu, na kumi na tatu, na mmoja wa kona. Nilikufungia tangu jana."

Kipkemei alishika kifurushi. Hakuwa na kitu kingine cha kuomba. Jogoo alimtazama.

"Hesabu imeisha, Kipkemei," Jepkorir alisema polepole. "Lakini kuna kitu unakuja nacho kila siku na hukisemi. Mimi nimekiita n. n ni nini?"

Kipkemei aliweka kifurushi chini.

"Ukienda Naivasha, nenda salama. Lakini nataka wazee wetu waje kwenu, waongee na baba yako. Nataka kukuoa, Jepkorir."