Daktari wa Siku Tatu

"Ni kweli ulinyoosha mkono?"

Mume alikuwa akivua viatu. Hakuinua uso.

"Mkono gani?"

"Kwenye kikao. Bosi kaniambia huku anacheka: 'Ombi lako limekataliwa, hata mumeo kalikataa.'"

Wote wawili walikuwa madaktari wa hospitali moja, wakisomea upasuaji. Mume ndiye aliyewawakilisha wanafunzi vikaoni. Mke aliomba asome siku tatu kwa wiki, miaka minane badala ya minne, maana binti yao wa miezi kumi alikuwa ameanza kumwita bibi yake "mama".

"Nilikuwa nakulinda," mume akasema. "Wanaosoma nusu nusu wanaitwa vibarua. Ungeiweza midomo yao?"

"Na walipocheka, ulifanya nini?"

Mume akarudi kwenye kamba za viatu.

"Ulicheka?"

"Kidogo."

Mke hakulia. Kulia nako kunataka nguvu. Alifungasha nguo zake akaenda kwa dada yake.

Asubuhi mume alimkuta mama yake, aliyekuwa akiwalelea mtoto, naye kashika mkoba.

"Mama, unaniachaje na mtoto?"

"Wangu nimeshawalea, mwanangu. Huyo ni wako."

Akaomba likizo ya wiki. Siku ya kwanza alimpigia mkewe simu mara tisa. Ya nne alituma ujumbe mmoja tu: "Hivi ulikuwa unawezaje?"

Mke aliusoma, akaendelea na zamu yake.

Jumatatu mume aliingia kwa bosi, mtoto begani, fomu mkononi.

"Ombi la mkeo tulishalikataa," bosi akasema.

"Hili ni langu. Siku tatu kwa wiki."

"Wewe? Mwanamume mzima?"

"Mzima, ila nimechoka. Na la mke wangu lirudishwe mezani. Nililikataa kwa woga."

"Watawacheka wote wawili."

"Nawajua. Nilikuwa mmoja wao."

Bosi alizitazama ratiba zake zenye mapengo, akaguna. Wawili hawa wakichoka wakaacha kazi, mapengo yangezidi. Akaitoa ya mke kabatini, akasaini fomu zote mbili.

Mke alipata habari kwa manesi. Jioni alirudi, akamkuta mumewe amelala kwenye kochi na shati limechafuka uji. Akamtikisa.

"Umefanya nini wewe? Miaka minane! Tutamaliza tukiwa na mvi."

"Nisamehe."

"Sijakusamehe bado." Akaketi, akauegemeza mgongo wake kwenye bega la mumewe. "Sogea. Nami nataka kulala."