Icyansi Kilichosimama

Chombo kilikuwa mahali pake, na ndiyo maana hakuna aliyejua kwamba kimeibwa.

Denyse Munezero, mwongoza wageni wa makumbusho ya chuo kikuu hapo Gisenyi, alikuwa amewafikisha walimu kumi na wawili wa Kanama mbele ya icyansi, chombo cha maziwa cha mti mweusi, kikongwe kuliko vitu vyote ukumbini. Kila ziara aliimalizia hapo. Alifungua kabati la kioo, akavua kifuniko kilichosukwa, akawapa wageni wanuse moshi wa nyasi ambao akina mama wa zamani walikifukizia.

Mwalimu mmoja aliinama, akanusa, akakunja pua.

"Mademoiselle, hii iko nanuka siraje ya viatu."

Wenzake wakacheka. Denyse akanusa: kweli, rangi ya viatu. Yeye hakucheka. Alifunga kabati, akamwambia mlinzi asiruhusu mtu yeyote kutoka, kisha akaenda mwenyewe kuwapigia polisi simu.

Inspekta Mukabera wa polisi ya upelelezi alifika saa nne. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyelelewa Karagwe, upande wa Tanzania, akarudi nchini miaka mitano iliyopita na Kiswahili kilichonyooka kama rula. Mkurugenzi, Profesa Munyakazi, alimpokea mlangoni na hukumu mkononi.

"Msichana huyo ana ufunguo. Nimeshampigia mwendesha mashtaka. Saa nane gari litakuja kumchukua."

"Lakini ndiye aliyeripoti."

"Mwizi mwerevu huripoti."

Aliyasema hayo mbele ya walimu wote. Denyse alisimama kando ya kabati. Binti wa muuza samaki, aliyesoma kwa jasho la mama yake, akiitwa mwizi hadharani katika mji ambamo habari hutangulia pikipiki.

Inspekta aliangalia saa yake, kisha kabati. Kufuli halikuvunjwa. Funguo zilikuwa tatu: ya Denyse, ya mlinzi Evode, na ya Mzee Ngoga, mtunza ghala la vitu vya kale. Alama za vidole kwenye kabati zilikuwa za wote watatu, na hazikumsaidia, kwa kuwa wote watatu hushika vitu hivyo kila siku. Chombo bandia kilikuwa kimesimama wima, kifuniko juu. Lakini kwenye kitambaa chekundu chini yake kulikuwa na bonde refu, kama la mtu aliyelala kitanda kimoja kwa miaka.

"Profesa, kile cha asili kilikaaje?"

"Kililala ubavu. Siku zote. Nakshi yake bora iko chini ya kitako. Ukikisimamisha mgeni ataona nini? Ubelgiji ndivyo nilivyofundishwa."

"Na jana jioni?"

"Nilikiacha kimelala."

Inspekta akakitazama tena kitambaa. Nani huyo anayebadilisha kitu kwa siri, kisha anakiweka tofauti na kilivyokuwa?

Aliomba ofisi ya Profesa. Akakiweka kile cha bandia mezani, akakilaza ubavu, kifuniko pembeni, kisha akawaita mmoja mmoja.

Denyse aliingia wa kwanza.

"Jana uliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Evode alipekua mufuko yangu, kama kila siku."

"Ukaenda wapi?"

"Sokoni, kwa mama. Tuliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, mpaka zikaisha."

"Leo ulipokuta kimesimama hukushangaa?"

"Nilifikiri Profesa amebadilisha mawazo." Alisukuma chombo kwa kiwiko apate pa kuegemea, akafuta macho. "Mama Inspekta, mi sikuiba. Kama nikienda jela leo, mama atauza samaki kwa nani?"

Evode aliingia, akavua kofia, akaivika juu ya chombo kilicholala.

"Unapekua kila mtu anayetoka?"

"Kila mutu."

"Na Mzee Ngoga?"

Evode alijikuna shingo. "Bon, yule ni muzee. Mi ni mutoto wa maharagwe tu, wa wakulima, nitaanzaje kumupekua muzee?"

"Jana alitoka na nini?"

"Mufuko. Mukubwa kidogo. Alisema ni vitu vya harusi."

Akachukua kofia yake, akatoka.

Ngoga aliingia akiwa nadhifu, koti limepigwa pasi. Alikuwa amerudi kutoka Kongo, ambako watu wake walichunga ng'ombe milimani.

"Jana uliingia ukumbini, mzee?"

"Hapana. Donc, kidogo tu, kuzima taa."

"Na mfuko?"

"Kesho tunaenda Mudende kuombea kijana yangu bibi. Iko vitu ya sherehe."

Alijibu vizuri, lakini macho yake hayakuwa kwa Inspekta. Yalikuwa mezani.

"Wakwe ni watu wa namna gani?"

"Watu ya ng'ombe. Wakubwa." Mkono wake ulitambaa juu ya meza polepole. Ukakiinua chombo. Ukakisimamisha. Ukachukua kifuniko, ukakifunika, ukakigeuza mpaka ncha yake ikakaa sawa.

Inspekta akaegemea mbele.

"Mzee Ngoga, nani amekuambia ukisimamishe?"

Ngoga aliutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

"Huko Karagwe," Inspekta alisema taratibu, "chombo cha maziwa hakilazwi; bibi yangu alininyima maziwa siku mbili kwa sababu nililaza chombo chake. Denyse wa ziwani amekisukuma. Evode wa mashamba amekivika kofia. Wewe umeshindwa kukivumilia. Jana ulijua kwamba cha asili kililala. Akili ilikuambia ulaze na cha bandia. Mkono ukakataa."

Mzee aliuondoa mkono kwenye chombo.

"Miaka tano nakiona kimelala pale kama maiti," alisema. "Kila asubuhi kinaniuma."

"Kiko wapi?"

"Nyumbani, Rugerero. Juu ya rafu. Salama."

"Kwa nini?"

"Tulirudi kutoka Kongo na godoro moja, Mama Inspekta. Babu yangu alikuwa na ng'ombe mpaka kilima kinageuka rangi. Mimi nilirudi kama mutu bila asili. Siku moja nimekunywa urwagwa, pombe ya ndizi, nikamwambia yule mukwe wa Mudende: icyansi ya babu yangu bado iko. Akasema, mukuje nayo, tunywe maziwa ndani yake. Ningesema nini? Nilinunua kipya, nikakipaka siraje. Jumapili ningerudisha."

"Na Denyse?"

"Sikufikiri atanusa."

"Alipoitwa mwizi ulikuwa nyuma ya mlango. Nilikiona kiatu chako. Ulinyamaza."

Ngoga aliinamisha kichwa. "Nilinyamaza."

"Hilo ndilo utakalojibu kwa uzito, mzee. Si chombo cha mti."

Saa nane kamili gari la mwendesha mashtaka lilisimama getini, na nyuma yake la Inspekta, kutoka Rugerero. Icyansi kilikuwa mapajani mwake, kizima, bila ufa. Aliyepandishwa gari la kwanza alikuwa Ngoga.

Mama yake Denyse alikuwa getini tangu saa sita, beseni la sambaza kichwani.

"Profesa," alisema bila kupaza sauti, "ulimwita mutoto yangu mwizi mbele ya walimu. Walimu bado wako ndani, mulinzi amewafungia. Umusafishe mbele ya hao hao. Ama nikufundishe, kama ulivyofundishwa Ubelgiji?"

Evode aligeukia ukuta, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Profesa aliingia ukumbini. Alisema maneno machache, na yote yalikuwa ya kuomba radhi.

"Kielelezo hiki nakipeleka ofisini saa kumi," alisema Inspekta. "Sasa ni saa nane na nusu. Ziara haikuisha."

Denyse alikipokea kwa mikono miwili. Profesa, kwa mazoea, akanyoosha mkono akilaze.

"Hapana, Profesa. Kitasimama." Akachomoa kioo kidogo kwenye mkoba wake, akakiweka chini ya kitako, akasimamisha chombo juu ya vijiti viwili vilivyokuwa kabatini. Nakshi yote ikang'aa ndani ya kioo. Walimu wakasogea, na Profesa pamoja nao.

Kisha Denyse akavua kifuniko, akamwita yule mwalimu mwenye pua kali.

Mwalimu aliinama. Alivuta pumzi ndefu, akafumba macho.

"Moshi," alisema. "Na maziwa ya zamani."