Nimemaliza, Washa

Fundi umeme alikutwa amelala kifudifudi kando ya mota ya mashine ya kuchanganyia sabuni, bisibisi ingali mkononi. Saa tatu na dakika nane asubuhi, mtu aliwasha umeme, fundi bado anashughulika na nyaya. Daktari wa uchunguzi wa maiti hakuchukua muda: kiganja kimeungua, moyo umesimama.

Aliyewasha alikuwa opareta wa chumba cha swichi. Alikuwa pia mdogo wake, tumbo moja, na kiwanda kizima kilijua kwamba ndugu hao walikuwa hawasalimiani tangu wagombanie nyumba ya marehemu baba yao.

Kufikia saa sita opareta alikuwa mahabusu. Mama yao alikaa kwenye benchi la mapokezi ya kituo, mkoba mapajani, hataki chai wala pole ya mtu.

"Mwanangu," alimwambia Inspekta, "kesho namzika mkubwa. Niambie kama huyu mdogo naye nimzike moyoni. Usinidanganye."

Askari wenzake walimwita Inspekta huyu Bi Taratibu, na hawakuwa wakimsifu. Alimwahidi mama jambo moja tu: jibu kabla ya mazishi. Kisha akaenda kumhoji opareta.

"Nani alikuambia uwashe?"

"Kaka. Aliniandikia kwenye gumzo, mtandao wetu wa kuandikiana kazini: Nimemaliza, washa."

"Simu yake ya kazi haina ujumbe huo wa leo. Ina wa jana mchana tu."

"Niliuona kwa macho yangu, afande. Maneno yaleyale ya kila siku. Salamu alininyima, lakini kazi ni kazi."

"Unalijua neno lake la siri?"

Opareta aliinamisha kichwa. "Nalijua." Hakusema amelijuaje.

Sajenti aliona kesi imekwisha. Mdogo mtu ameingia kwenye gumzo kwa jina la kaka yake, akajiandikia ruhusa, akawasha. Wenye seva ya ujumbe, huko nje, walithibitisha kuwa ujumbe uliwafikia saa tatu na dakika saba kutoka anwani ya kiwanda.

"Kutoka kompyuta ipi?" Inspekta aliuliza.

Swali hilo alipelekewa fundi mtandao wa kiwanda, mtu nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Haijulikani, afande. Kompyuta na simu za hapa haziendi nje zenyewe. Ukurasa wa gumzo unaukabidhi ujumbe kwa proksi, kompyuta ya kati, na proksi ndiyo inayoongea na seva. Kule wanaona anwani moja tu, ya proksi."

"Kama tarishi anayebeba barua za ofisi nzima."

"Hasa."

"Basi tarishi ana daftari lake. Nipe kumbukumbu za leo asubuhi."

"Zimefutika. Diski ilijaa."

Alijibu upesi mno, na kalamu moja ikamponyoka. Inspekta akamwokotea, akamshukuru, akatoka.

Hakurudi kituoni. Alipita kiwandani mlango kwa mlango na swali moja: leo asubuhi gumzo limekuletea nini? Wengi walisema hakuna cha maana. Mtunza stoo, mnene mwenye maneno mengi, alicheka kwa uchungu.

"Mimi limenivunjia heshima! Saa tatu asubuhi mpishi ananiandikia chakula kipo tayari. Nikatoka mbio na sahani yangu, nakuta mlango umefungwa, hata moto haujawashwa. Nimemwambia asinifanyie mzaha wa tumbo."

"Akasemaje?"

"Kaapa hajaandika chochote. Tumenuniana mpaka sasa."

Inspekta aliomba kuona skrini. Saa tatu na dakika saba. Juu yake palikuwa na maneno hayohayo, ya jana, saa saba kasorobo mchana.

Aliyatazama kwa muda mrefu. Hata kama opareta alikusudia kuua, kwa nini ahangaike kumwalika mtunza stoo chakula? Alipogeuka kuondoka, aliona boksi chini ya kaunta limejaa makufuli mekundu, kila moja limeandikwa jina kwa rangi.

"Haya ya nini?"

"Ya mafundi. Zamani fundi alifunga swichi kwa kufuli lake, ufunguo anatembea nao. Hakuna wa kuwasha mpaka atoke mwenyewe. Gumzo lilipokuja, yakarudishwa kwangu."

Inspekta aliliazima kufuli la marehemu, akaenda kuliweka juu ya meza ya fundi mtandao.

"Jana mtandao ulikatika saa ngapi?"

"Saa saba kasorobo. Ulikatika kidogo tu."

"Na leo saa tatu na dakika saba ulifanya nini?"

Fundi mtandao alilisogeza kufuli kando.

"Tarishi akipeleka barua, kisha akarudi bila sahihi ya mpokeaji, anafanyaje?"

"Anaipeleka tena," alisema fundi mtandao, na uso ukamsawijika. "Ujumbe wa jana ulifika, afande. Mtandao ukakatika kabla uthibitisho haujarudi. Proksi ikadhani haukufika, ikauhifadhi. Leo nilipoizima na kuiwasha, ikautuma upya, kwa saa ya leo. Niligundua kabla hawajambeba marehemu. Nikafuta kumbukumbu."

"Ulikuwa na kisa na marehemu?"

"Hapana. Yeye peke yake ndiye aliyekataa kuacha makufuli. Alisema mkutanoni, ujumbe haukai mfukoni kama ufunguo. Nikamwita mshamba, watu wakacheka, meneja akakubaliana nami. Ningesema ukweli, kila mtu angejua nimemuua mimi kwa ujuaji wangu."

"Ukaona bora wamfunge ndugu yake."

Fundi mtandao alilia. Inspekta hakumhurumia, ingawa alimngoja amalize ndipo sajenti amtie pingu.

Jioni alimtoa opareta mahabusu mwenyewe, akamfikisha kwenye benchi la mapokezi. "Mama, hakumuua. Aliletewa maneno ya kweli ya kaka yake, ila yalikuwa ya jana."

Mama alimtazama mwanawe bila kuinuka.

"Askari wanasema ulilijua neno la siri la kaka yako. Nani alikupa, na hamsemezani?"

"Hakunipa mtu. Siku moja nilijaribu la kwangu kwenye jina lake, likafungua. Ni jina lako, mama. Sote wawili."

Ndipo mama alipolia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Aliushika mkono wa kulia wa mwanawe, ule uliowasha swichi, akainuka nao.

"Twende nyumbani," alisema. "Kesho tuna kazi ya kumzika kaka yako."