Mikono ya Fundi Cherehani

Kila Ijumaa baada ya mapumziko, mwalimu wa lugha alisoma insha bora mbele ya darasa. Kwa miaka miwili insha hiyo ilikuwa ya msichana mmoja tu, hata wenzake wakambandika jina la Kalamu. Kisha akaja mwanafunzi mgeni asiye na maneno mengi, wakamwita Kimya. Ijumaa tatu mfululizo ikasomwa insha ya Kimya. Kalamu alipiga makofi kwa ncha za vidole. Roho ilimuuma, asikwambie mtu!

"Sasa andikeni kuhusu mikono ya mtu wa nyumbani kwenu," mwalimu alisema. "Insha bora itasomwa siku ya wazazi."

Kalamu aliazima simu ya kaka yake, akaiagiza akili mnemba imwandikie insha tamu kuhusu mikono ya mama. Ikaandika kufumba na kufumbua, naye akanakili neno kwa neno. Insha ikachaguliwa. Kalamu akamtupia Kimya jicho la "umenitambua?"

Mama yake alikuwa amesema hatakuja siku hiyo ya wazazi, kwani alikuwa na sare nyingi za kushona. Lakini Kalamu alipokuwa ameanza kusoma, mama huyo akaingia, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mikono ya mama yangu ina sugu za jembe," Kalamu alisoma, "na hunukia udongo wa shamba..."

Mama aliitazama mikono yake, akaificha chini ya mkoba.

"Mwanangu," aliuliza taratibu, "mama huyo mwenye jembe ni nani? Mbona namwonea wivu?"

Kalamu aliangua kilio, akasema yote.

"Basi tuambie mikono yenyewe," mwalimu alisema.

Kalamu alikwenda akaushika mkono wa mama. "Kucha zina chaki ya bluu. Kidole hiki hakikunjiki. Sindano ya cherehani ilikitoboa siku aliponishonea sare yangu ya kwanza."

"Huyo sasa namjua," mama alisema. Kimya ndiye aliyeanza kupiga makofi, tena kwa viganja vyote.

Mwalimu aliwageukia wanafunzi. "Akili mnemba imesoma maandishi mengi kutuzidi sote. Tutaitumia: ituulize maswali, nasi tuikosoe. Ila haijawahi kushonewa sare na mama." Kisha akamwinamia Kalamu. "Na wewe, wivu ulikufanya umkodolee macho Kimya, ukasahau kumtazama mama yako."