Injini Iliyopiga Hodi

Injini iligonga ikiwa vipande.

Mtu mwingine angeshtuka. Oyoo, kwa vile ni mkaidi wa kuzaliwa, hakushtuka. Alikuwa ameketi sakafuni nyumbani kwake mtaani Sarang'ombe, Jumapili mchana, mkewe Aketch akiwa kanisani. Pistoni zilikuwa juu ya gunia, boliti ndani ya beseni la kufulia, na simu imeegemezwa kwenye kopo ikimfundisha umakanika kwa video. Maana Oyoo ni fundi wa mabomba. Injini hakuwahi kufungua hata ya pikipiki.

Ko, ko, ko. Akadhani ni mlangoni.

"Karibu," akasema bila kuinua macho. "Ingia tu, mlango uko wazi."

Hakuingia mtu. Pazia lilipanda kidogo, likashuka, na chumba kikanuka oili iliyoungua. Oyoo akaendelea kusugua pistoni yake.

Na tusidanganyane, alikuwa ameonywa. Mutie, makanika wa Kawangware ambaye uani kwake pikapu aliyoinunua Oyoo ilikuwa imelala miaka, alimwambia wakiishusha injini, "Wenyewe waliiacha sababu ilikuwa inagonga. Ikigonga, nyamaza tu." Oyoo akacheka. Injini ikigonga si unaizima, mambo ya kunyamaza yametoka wapi? Yeye alitaka kuifunga upya kwa mikono yake, airudishe kwenye pikapu, Aketch aache kubeba beseni la samaki wa kuuza kichwani. Nia ilikuwa nzuri, hilo siwezi kumnyima.

Aketch alirudi, akapika chai, akamimina vikombe vitatu.

"Cha tatu ni cha nani?"

"Si kuna mgeni," Aketch akasema, kisha akakitazama kile kikombe kama amekiona sasa hivi. Wakacheka wote wawili, lakini asubuhi kikombe kilikuwa kitupu, na ndani yake kumebaki utando mweusi wa oili.

Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena. Aketch, ambaye majirani walizoea kuamshwa na nyimbo zake, alinyamaza, mikono ikawa baridi hata ikiwa juu ya jiko, akaanza kukohoa makohozi meusi, na kila mara vile vipande vilipogonga pale kwenye gunia, ko, ko, ko, mchana kweupe, redio za wapangaji wa plotini zikilia na watoto wakicheza nje, aliacha alichokuwa akifanya, akajifunga leso, akaenda mlangoni polepole kama anayemngoja mtu avae viatu, mpaka siku moja Oyoo akarudi kutoka kazini akakuta nyumba wazi, akakimbia akiuliza watu njiani, akamfikia mkewe akitembea katikati ya reli peke yake, akiwa amejisogeza upande mmoja kumwachia mwenzake nafasi.

"Unaenda wapi?"

"Anataka kwenda kwao," Aketch akanong'ona. "Anasema nimsindikize. Kwao ni mbali."

Hapo ukaidi ulimwisha Oyoo. Alilia njia nzima akimrudisha, wala hakujali nani anamwona.

Akamwita Mama Nafuna, mama wa kanzu nyeupe anayeombea wagonjwa. Mama huyo hakuingia wala hakubisha. Alisimama nje ya pazia akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alimkaribisha?"

"Ni mimi, mama."

"Basi mimi siwezi kumfukuza mgeni wako. Msindikize wewe, kabla hajaondoka na mke wako. Mrudishe alikotoka. Na mkiagana, usimwambie karibu tena. Wewe wala mkeo. Umenisikia?"

Oyoo alisikia. Aketch alikuwa ndani amejifunika blanketi, hakusikia kitu, na Oyoo akaona amwambie baadaye, asije akaogopa zaidi.

Alikodi mkokoteni, akapakia kila kipande, mpaka boliti. Hakuthubutu kumwacha mkewe nyumbani, kwa hiyo wakaenda wote, wakipanda kuelekea Kawangware, Oyoo akivuta, jasho likimtoka, na lile neno la Mama Nafuna likimkaa ulimini bila kutoka. Mutie alipowaona aliingia ndani akajifungia. Oyoo alishusha vyote peke yake, akavirundika nyuma ya pikapu, akaondoka bila kusema lolote.

Aketch akavuta pumzi ndefu. Rangi ikamrudia usoni.

"Aki nasikia njaa," akasema, kwa sauti yake mwenyewe, na Oyoo akamshika mkono, ukawa na joto.

Walipofika langoni Aketch akageuka, kama mamake alivyomlea, akapunga mkono kuelekea ile pikapu.

"Haya," akasema kwa upole. "Karibu tena."

Njia ya kurudi ni mteremko. Aketch alitangulia akiimba, wimbo wake wa asubuhi, na Oyoo hakuwa na moyo wa kumnyamazisha. Alikuwa amekaza visigino ardhini kwa nguvu zake zote, kwa sababu mkokoteni mtupu ulikuwa unamsukuma mgongoni, kwa uzito ule ule waliokuja nao.