Aliuliza Mara Moja

Jioni ile ya Alhamisi foleni ya duka la kuchapisha pale Ruwi, Oman, ilifika hadi nje. Dorothy alikuwa bado na sketi nyeusi ya kazini, skafu ya njano ya hoteli shingoni. Alipopewa karatasi zake akakuta picha ya merikebu na maandishi asiyoyaelewa.

"Hizi si zangu," alisema. "Mimi nasomea uhasibu jioni. Hii ni nini, ramani ya hazina?"

"Zangu hizo." Nyuma yake alisimama kijana mwenye kanzu nyeupe na kofia ya nyuzi za buluu, akinukia udi. Alikuwa Muomani, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, alichorithi kwa bibi yake. "Barua za wafanyabiashara wa Venisi waliopita Hormuz. Zama za Kati, mpaka Mwamko wa Ulaya."

"Na nani anakulipa usome barua za marehemu?"

"Hapo ndipo penye kazi," akacheka. "Wafadhili wanataka mafuta na kompyuta. Mie nnaomba tu. Jina langu Yaqdhan. Utakunywa chai?"

"Asante," alisema Dorothy, akatabasamu.

Yaqdhan akarudi na gilasi moja, yake. Kijana mzuri, Dorothy aliwaza, lakini ana mkono wa birika.

Walipendana hata hivyo. Ijumaa, siku ya mapumziko huko, Dorothy akitoka kanisani, gari la Yaqdhan lilikuwa likimngoja kivulini, na sambusa za moto zikiwekwa mapajani mwake bila kuulizwa. Walikubaliana kwamba kila mmoja atasali kwa njia yake na watamwachia Mungu mengine. Mfadhili wa kwanza alijibu kwamba Zama za Kati hazina faida kwa maendeleo. Wa pili alitaka raia wa Ulaya. Wa tatu alikaa kimya.

"Andika tena, laazizi," Dorothy alimwambia kila mara. "Mimi naomba, wewe andika."

"Na wakikataa?"

"Basi wazoee jina lako."

Asubuhi moja simu iliita akiwa mapokezi, hoteli imejaa wageni.

"Wamekubali, Dorothy. Venisi, miaka mitatu." Sauti ya Yaqdhan ilitetemeka. "Na wananambia naweza kwenda na mke. Nnakutaka wewe. Utakuja nami?"

Mgeni mmoja aligonga meza, Dorothy hakumwona.

"Asante," alisema. "Asante sana, Yaqdhan."

"Haya," alisema Yaqdhan. "Nimefahamu."

Usiku ule Dorothy alipiga magoti akamshukuru Mungu. Wiki iliyofuata alimwambia meneja kwamba hatafanya mkataba mpya, ingawa viza yake ingekwisha pamoja na kazi. Lakini simu za Yaqdhan zilianza kuwa fupi.

"Uko sawa, mpenzi?"

"Mzima. Nna shughuli nyingi."

"Usinisahau huko kwa marehemu wako."

"Sitokusahau," alijibu, kama mtu anayeaga. Dorothy akajiambia ni uchovu.

Kimya kilipozidi, alivaa gauni lake la kijani, akajitanda mtandio, akachukua teksi hadi kwao Yaqdhan, Al-Khoudh. Bi Balqees, mama yake Yaqdhan, aliyemjua kama rafiki tu wa mwanawe, alimpokea kwa bashasha, akamwekea kahawa na sahani ya halwa.

"Karibu halwa, mwanangu."

"Asante, mama," alisema Dorothy, na mkono tayari uko njiani. Bi Balqees akaivuta sahani, akaifunika.

"Mama, mbona unaiondoa?"

"Si umesema ahsante?"

"Nimesema asante. Naitaka."

Bi Balqees alicheka hadi akashika mbavu. "Kumbe kwenu hivyo? Kwetu ukikaribishwa kitu ukasema ahsante, huna haja. Mwenye kutaka husema bismillahi akanyoosha mkono. Kula, mama. Halwa ya posa hii. Tumemposea Yaqdhan binti wa ami yake, Reem, asende ugenini peke yake."

Halwa ilimgandia Dorothy mdomoni. Yaqdhan alipoingia, mama yake alikwenda kuongeza kahawa.

"Siku ile kwenye simu," Dorothy alisema polepole, "ulisikia nini?"

"Ulisema ahsante."

"Nilisema ndiyo. Nimeacha kazi kwa ajili ya hiyo ndiyo."

Yaqdhan alikaa chini, akavua kofia. "Nliona haya kukulazimisha. Nlidhani dini, nlidhani kwenu..."

"Kwa ajili ya Venisi ulikataliwa mara tatu, ukaandika ya nne. Mimi uliniuliza mara moja."

Jikoni vikombe viligongana. Yaqdhan alitazama mlango ule, akashusha sauti.

"Nnaweza kuzungumza na wazee. Watakasirika, Reem atafedheheka, lakini nnaweza. Nizungumze nao?"

Dorothy aliyaona macho yake yakirudi tena mlangoni.

"Asante, Yaqdhan."

"Ya kwenu au ya kwetu?"

"Ya kwenu."

Yaqdhan alimsindikiza hadi nje, jua likiwachoma wote wawili. Teksi ilipofika Dorothy aliingia taratibu, akatengeneza mtandio, akauacha mlango wazi kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Yaqdhan alisimama ameshika kofia yake mkononi. Hakuuliza mara ya pili.